Ushauri wenu: dirisha la NHL limefungwa na Marner hajasaini. Nimnunulie mwanangu jezi yake?

MtuWaTanga_Scarborough

Habari za jioni wakuu. Nipo Scarborough, Toronto, na tangu jana nyumbani kwangu hakuna mazungumzo mengine ila NHL, ligi ya hoki ya barafuni. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilifungwa jana, Machi 7, 2025, saa tisa alasiri. Winga Mitch Marner bado ni wetu Maple Leafs, timu ya hapa Toronto, ila mkataba wake unaisha kiangazi hiki na hajasaini mwingine.

Kijana wangu anatimiza miaka 12 mwisho wa mwezi. Anacheza winga ya kulia kwenye timu ya mtaani, na zawadi anayoitaka ni jezi ya bluu, namba 16, jina la Marner mgongoni. Jezi halisi ikiandikwa jina inapita dola 200 za hapa. Sitaki niinunue Machi, halafu Julai jamaa yuko timu nyingine na mtoto analia.

Nilishaamua kununua mpaka zilipotoka taarifa kwamba uongozi ulimwomba akubali kwenda Carolina ili sisi tumpate winga wao Mikko Rantanen, naye Marner akakataa. Haki yake, mkataba wake unamruhusu kukataa kuhamishwa. Rantanen kaenda Dallas na kasaini miaka minane, dola milioni 96. Sisi tumeishia kumleta Scott Laughton kutoka Philadelphia na Brandon Carlo kutoka Boston. Kuwapata hao tumetoa vijana wawili, Fraser Minten na Nikita Grebenkin, pamoja na nafasi zetu za raundi ya kwanza kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) za 2026 na 2027.

Naomba ushauri wa jezi, na pia mnieleze kama uongozi umefanya la maana au tumeliwa. Nimeanza kufuatilia mchezo huu kwa sababu ya mtoto, kwa hiyo msinione mjinga nikiuliza ya msingi.

Beki_Kisiki

Mkuu, usinunue. Timu yenye uhakika wa kubaki na mchezaji haimwombi aondoke. Na mwenyewe kama angekuwa na nia ya kubaki angeshasaini, maana muda alikuwa nao.

Tazama na hesabu. Msimu huu kila timu ina kikomo cha mishahara cha dola milioni 88. Msimu ujao kinapanda hadi milioni 95.5. Maana yake ikifika Julai 1 timu nyingi zitakuwa na hela ya kumfuata, na sisi hatutapata hata senti. Huku si kama soka, hakuna ada ya uhamisho. Mkataba wa mchezaji wa umri wake ukiisha, anaondoka bure.

MamaWinga

Beki, sikubaliani nawe kabisa. Marner ni mtoto wa Markham, jirani tu na hapo alipo mleta mada. Tulimchukua wa nne kwenye drafti ya 2015 na amekulia mikononi mwetu. Msimu huu ndiye anayeongoza timu kwa pointi, na tukitolewa mtu nje kwa adhabu, yeye huyo huyo anaingia kuzuia tukiwa pungufu. Wangapi kwenye ligi nzima wanafanya yote mawili kwa kiwango hicho?

Na jamani, kukataa kuhamishwa si usaliti. Mtu kakataa kuihama timu yetu, na bado kuna wanaomtukana. Hilo limeniuma sana.

Kaka, nunua. Mtoto anampenda kwa anavyocheza, haangalii mkataba wake unaisha lini.

Shabiki_wa_Safu_ya_Tatu

Mleta mada, nikujibu la pili, maana hapo ndipo watu wanachanganya mambo.

Hasira za mashabiki zina historia. Mwaka 2021 tulitoa nafasi ya raundi ya kwanza kumleta Nick Foligno kutoka Columbus. Montréal wakatutoa kwenye mtoano kwa mechi saba tukiwa tumeongoza mechi 3-1, na kiangazi Foligno akaenda zake Boston. Mwaka 2023 tukatoa nyingine kwenye dili la Ryan O'Reilly. Tukavuka raundi moja, tukatolewa na Florida, naye akahamia Nashville. Kwa hiyo mtu akisikia "raundi ya kwanza" moyo unamwenda mbio, na simlaumu.

Lakini mara hii ni tofauti. Laughton ana mkataba hadi 2026, na Philadelphia wanabeba nusu ya mshahara wake. Carlo ana mkataba hadi 2027. Hatujakodisha watu wa miezi mitatu. Nafasi zenyewe pia zina kinga: ya 2026 haiondoki kama itaangukia kwenye tano za juu.

Kwa nini Carlo? Rudini kwenye mechi ya saba dhidi ya Boston mwaka jana, muda wa nyongeza. Lindholm wa Boston anaupiga mpira (kile kisahani) ndani ya eneo letu kwa makusudi, unagonga ubao wa nyuma ya goli na kurudi mbele. Mwenzake Pastrnak ameshaanza kukimbia, anampita beki wetu Morgan Rielly kwa ndani, anaukuta umemsubiri, goli. Msimu umeisha pale pale. Rielly ni beki wa kushambulia, anapenda kupanda, na kwa muda mrefu amekosa upande wake wa kulia beki mrefu, mtulivu, anayebaki nyuma. Carlo ndiyo kazi yake hiyo, tena anashika fimbo kulia. Mabeki wa namba hiyo ni wachache na kila timu inawatafuta, ndiyo maana bei ikawa juu. Minten nitamlilia, ila nisingemrudisha kwa kumkosa Carlo.

Beki_Kisiki

Kwa Carlo nakubali. Laughton kwa raundi ya kwanza na Grebenkin juu yake? Hapana. Huyo ni mtu wa safu ya tatu ya washambuliaji, si nyota.

Shabiki_wa_Safu_ya_Tatu

Tampa Bay, Februari 2020. Walitoa raundi ya kwanza kwa Blake Coleman na nyingine kwa Barclay Goodrow, wote watu wa safu ya tatu. Watu walishangaa bei. Wakabeba Kombe la Stanley mwaka ule na mwaka uliofuata. Kwenye mtoano nyota hukabwa, mechi inaamuliwa na wengine. Sisi nyota wetu wamekabwa miaka yote hii na nyuma yao hapakuwa na mtu.

Nairobi_Barafuni

Niaje wadau. Mimi nilijifunza kuteleza pale Panari, Mombasa Road, na mechi za Leafs nazitazama saa tisa usiku, kwa hivyo msiniambie sina uchungu.

Kuhusu kumweka Marner bila mkataba, kuna mfano wa Columbus 2019. Walikuwa na nyota wawili, Panarin na Bobrovsky, wote mikataba inaisha, na kila mtu akijua wataenda. Badala ya kuwatoa, wakawaweka na kumwongeza Duchene. Wakaitoa Tampa kwa mechi 4-0 kwenye raundi ya kwanza ya mtoano, Tampa iliyokuwa imeshinda mechi 62 msimu ule! Kisha Boston wakawatoa, na Julai wote watatu wakaondoka. Uliza shabiki wa Columbus kama anajuta ile wiki. Wengi watakwambia hapana.

Leafs hawajabeba kombe tangu 1967. Ukiwa na timu nzuri hivi, humtoi winga wako bora Machi kwa kuogopa Julai. Kwa hilo uongozi umefanya sawa.

Sasa jezi. Kama unataka iliyo salama, William Nylander ana mkataba hadi 2032, Auston Matthews hadi 2028. Lakini ndugu yangu, ongea na kijana. Ana miaka 12, anaelewa. Mwambie wazi Marner anaweza kuondoka, kisha achague mwenyewe.

MtuWaTanga_Scarborough

Asanteni sana. Nimeongea naye baada ya chakula. Nimemweleza habari ya mkataba na kikomo cha mishahara, kumbe anavijua kuliko mimi. Amesema anamtaka Marner hata akienda timu nyingine, kwa sababu namna anavyoiba mpira kwa ncha ya fimbo ndiyo anayojaribu kuiga mazoezini. Basi nitanunua.

Swali jingine: mwanangu anaogopa Boston kuliko wote. Bado ni wa kuogopwa?

MamaWinga

Hapana, Boston wamebomoa timu yao. Mwambie aiangalie Florida. Bingwa mtetezi huyo, kamchukua Seth Jones kutoka Chicago, na jana hiyo hiyo kamchukua Brad Marchand, nahodha wa Boston aliyetutesa mtoano baada ya mtoano. Bado ana jeraha, ila akipona tunaweza kukutana naye raundi ya pili, na pale ndipo Laughton atatakiwa kuonyesha thamani yake. Mimi ningemweka Laughton senta safu ya tatu, Max Domi wetu ahamie winga.

Beki_Kisiki

Domi winga, sawa. Ila mbele ya Marchand nampanga beki wetu Tanev kwanza, kila dakika.