Walimu wa kuita bata mzinga mmetufundisha kelele tu. Sauti za chini mnamfundisha nani?

Wakuu, salaam. Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mtu wa Singida, niko Kentucky, Marekani, mwaka wa sita sasa. Msimu wa kuwinda bata mzinga wa porini umenipita mara mbili nikirudi nyumbani mikono mitupu. Ndege wapo, tena wengi. Kilichoniangusha ni watu waliochukua hela yangu wakanifundisha nusu ya kazi, na hiyo nusu ndiyo isiyomleta ndege.

Kwa wasiojua mambo ya huku: msimu wa Kentucky unafunguliwa katikati ya Aprili na ni siku 23 tu. Unaruhusiwa kupiga mwenye ndevu peke yake, yaani lile fungu la nywele ngumu linaloning'inia kifuani, na kwa kawaida ni dume. Kipindi hicho dume anatafuta majike, kwa hiyo wewe unakaa chini ya mti, umetulia, unamwita kwa sauti ya jike. Sauti ya kurekodi hairuhusiwi kisheria. Ni mdomo wako au mkono wako.

Sisi tunaoanza wengi tunashika boksi. Ni kisanduku chembamba cha mbao chenye kuta mbili nyembamba, na juu kina kifuniko chenye mkia, kimeshikwa na skrubu na springi upande mmoja. Unapaka chaki chini ya kifuniko, unakiburuta juu ya ukingo wa ukuta, mbao inalia kama jike. Kifaa hiki ni cha zamani. Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya boksi lake mwaka 1897. Miaka zaidi ya 120 imepita, halafu leo muuzaji aliyesimama mbele ya rafu nzima ya maboksi anashindwa kukueleza linatunzwaje!

Nianze na huyo muuzaji. Nililipa dola 38. Nikamuuliza nitumie chaki gani, akanijibu yoyote, hata ya shuleni. Nikapaka ya shuleni. Baada ya wiki mbili kifuniko kikawa kinateleza kama kimepakwa sabuni, sauti ikawa ya kukwaruza na kukatika. Nikarudi dukani. Mtu yule yule akaniambia nikapige msasa. Nikaenda kupiga msasa, kwa sababu nilimwamini.

Wakuu, upande wa chini wa kifuniko haujanyooka kama meza. Fundi ameuachia mbinuko mdogo kwa makusudi, na sauti ya boksi inakaa hapo. Mimi niliusawazisha kwa mkono wangu mwenyewe, nikakaa barazani naburuta kile kifuniko na hakuna kinachotoka zaidi ya kelele ya mlango mbovu. Chaki inayotakiwa ni isiyo na mafuta wala nta. Kifuniko kikishika uchafu unakisugua polepole kwa kile kisugulio cha kijani cha kuoshea sufuria, basi. Na usiguse sehemu zinazosuguana kwa vidole, maana vidole vina mafuta. Maelezo yote hayo ni ya dakika moja. Dakika moja hakunipa.

Nikanunua boksi la pili. Safari hii nikasema sitabahatisha, nikajiandikisha darasa la Jumamosi la kufundisha kuita, la muda wa saa tatu nzima, pamoja na ndugu yangu mmoja Mkongo tunayeishi naye jengo moja na kijana wake wa miaka 14. Kila mmoja alilipa. Mwalimu alipanda mbele na boksi kubwa, akaanza mwito wa jike: mlio unaoanza juu na kuvunjikia chini, mara tano, mara saba, mara tisa. Kwa sauti! Ukumbi mzima ukawa unamfuata. Masikio yalikuwa yanauma. Akaenda kwenye ule mlio wa haraka haraka wa jike aliyechachamaa, nao kwa sauti. Kisha akaanza hadithi za mashindano.

Kijana wa mwenzangu akanyoosha mkono, akauliza kuhusu sauti za chini, zile jike anazotoa akiwa anakula ametulia. Mwalimu akamwambia, "Hizo zitakuja zenyewe," akaendelea na mashindano. Mtoto akashusha mkono. Hilo bado linaniuma kuliko hela.

Sasa niwaambie "zitakuja zenyewe" ilinifanyia nini.

Aprili ya mwaka jana, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dume alilia juu ya mti ng'ambo ya kijito. Nikaita kwa sauti kama nilivyofundishwa. Akajibu. Akashuka, akavuka kijito, akaja mpaka umbali wa kama mita 60. Nilimwona vizuri kabisa: mkia ameufungua, mabawa anayaburuta chini, kichwa kimebadilika kuwa cheupe juu na buluu usoni, shingo nyekundu. Akasimama pale. Masafa ya bunduki yangu ni mita 35, basi.

Dume akisimama hapo anangoja jike atokeze, maana kwa kawaida jike ndiye anayemfuata dume. Ukimpigia mwito mkubwa tena anajua jike yuko jirani sana na bado haonekani, na macho yake ni makali ajabu. Hapo panatakiwa sauti ya jike anayechakura majani, hana habari na mtu. Mimi sikuwa nayo. Nikajaribu ule mlio mfupi wa "kok", nikakandamiza kifuniko kwa woga, ukatoka mkali na mkavu. Dume akakunja mkia, akanyoosha shingo, akageuka, akapotea kwenye vichaka. Sikumsikia tena msimu wote.

Kwa nini aliondoka nimekuja kuelewa nikiwa jikoni kwangu, miezi baadaye, nilipokumbuka kuku wa bibi yangu. Ninyi mliokulia na kuku wa kienyeji mnajua. Kuku mwenye vifaranga akiona punje anasema "kok... kok kok", laini, na vifaranga wanakuja wanakimbia. Mwewe akipita juu, anatoa mlio mmoja wa karibu sana na ule, ila mkavu na wa ghafla, na kufumba na kufumbua uwanja ni mtupu. Bata mzinga naye yuko hivyo hivyo. Tofauti ya "njoo tule" na "kimbia tutakufa" ni uzito wa kidole chako kwenye kifuniko. Mwalimu aliyekula hela yetu kwa saa tatu hakuitaja tofauti hiyo hata mara moja. Mtu anayejiita mwalimu wa kuita ndege anaiachaje?

Nimejifunza mwenyewe, usiku baada ya usiku, mke wangu akivumilia. Nawaandikia hapa bure, kwa sababu kuna watu wanalipishwa wasipewe.

Boksi lilaze kiganjani. Ukitaka sauti kubwa usiguse kuta zake, ziache zitetemeke. Ukitaka sauti ya chini fanya kinyume: vidole viwili vilale kwenye ukuta vikizima ule mtetemo. Mkia wa kifuniko ushike kwa ncha za vidole viwili, kama umeshika yai bichi. Kwa "kok", kidole gumba cha mkono ulioshika boksi kiwe kizuizi pembeni ya kifuniko, halafu kifuniko kiruke kidogo tu, kisizidi upana wa punje ya hindi, kisimame. Ukisikia mlio umekuwa mkavu, umekandamiza. Pumzisha mkono, rudia.

Kukoroma ndiko kulikonitesa zaidi. Kule kukoroma kwa jike anayekula, "krrrr", hakutaki nguvu yoyote. Unaacha uzito wa kifuniko chenyewe ufanye kazi, unakiburuta polepole mno, polepole kuliko unavyodhani ni polepole, mpaka kinaanza kudunda-dunda chenyewe juu ya ukingo. Wiki ya kwanza nilipata mkwaruzo tu. Wiki ya tatu, usiku mmoja, ikatoka ndefu na laini, nikasimama jikoni na machozi. Kisha changanya: kok, kimya, kok kok, krrrr, na mkono mwingine uchakure majani makavu kidogo. Halafu nyamaza. Kimya kirefu. Siku ya mvua boksi likae ndani ya mfuko wa mkate, maana mbao na chaki zikilowa hakuna sauti.

Na kuna jambo zito zaidi ya ndege kukimbia. Kwenye misitu ya umma, mwito mkubwa unawaita wawindaji wengine pia. Darasa zima hatukuambiwa kwamba sauti ya bata mzinga usiifuate kwa kunyatia, kwa sababu huenda ni mtu. Hatukuambiwa tusivae nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ndizo rangi za kichwa cha dume. Mimi nilizijua kwa sababu nilipita kozi ya usalama ya uwindaji, ambayo hapa ni lazima kwa aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975. Lakini mle ukumbini kulikuwa na watoto ambao bado hawajaipita.

Mwalimu yule nimemwandikia mara mbili. Sikumdai hela. Nimemwomba atenge saa moja ya sauti za chini na dakika kumi za usalama, na amtafute yule kijana amjibu swali lake. Mpaka leo yuko kimya, na juzi ametangaza darasa jipya kwa bei ile ile. Kijana hataenda. Jumapili jioni anakuja jikoni kwangu na boksi lake, tunaanza na "kok".