Uongo, urongo, uwongo: nibakize lipi?

Mhariri chipukizi: Wakuu, nahariri hadithi ambayo sura moja ina "uongo", "urongo" na "uwongo", tena kuna "maongo mengi". Nishike lipi? Na je, "uongo" na "si kweli" ni mamoja?

Mswahilina: "Maongo" futa. Uongo hauna wingi: uongo huu, uongo wake, uongo mwingi umesemwa. Ukitaka kuhesabu, andika "alisema uongo mara tatu". Msimulizi abaki na "uongo". "Uwongo" ni tahajia nyingine ya neno lilelile, usizichanganye tu. "Urongo" ni wa Kimvita. Kama mhusika ni mtu wa Mombasa, mwachie kinywani mwake, ila basi aseme na "mrongo", si "mwongo". Kumsanifisha ni kumnyang'anya lahaja yake bure.

Bi Sarufi: Si mamoja hata kidogo. Uongo una nia ndani yake: msemaji anaujua ukweli, anasema kinyume. Anayetangaza mkutano ni Jumatatu kumbe ni Jumanne, naye anaamini hivyo, amekosea. Alilosema si kweli, lakini hajasema uongo. Ndiyo maana "huo ni uongo" linauma: linamshtaki mtu, si kauli yake tu. Kijana mwenye adabu hamwambii hivyo babu yake; atasema "sivyo, babu" au "hilo silo". Kagua mazungumzo yote ya hadithi kwa jicho hilo. Maswali ya mtihani ya "kweli au uongo" yamelilegeza neno. "Kweli au si kweli" ni bora zaidi.

Mswahilina: Nyongeza. Noti ni bandia, cheti ni cha kughushi. Ushahidi na kiapo ndivyo vya uongo. Habari ya kubuni inayosambazwa ni uzushi. Angalia pia upatanisho: mwongo huyu, waongo hawa, ni watu; mwongo huu, miongo hii, ni miaka kumi kumi. Na "uongofu" usiuguse, huo watokana na kuongoa, yaani kuonyesha njia ya haki.

Mhariri chipukizi: Asanteni sana. Mume anamwambia mkewe "nilikuongopa". Inafaa?

Bi Sarufi: Hapana, "nilikuongopea". Kuongopa ni kusema uongo, kwa hiyo anayeambiwa huingia kwa kauli ya kutendea, yaani kwa kiishio "-ea". Ukipenda kitenzi kisichohitaji kiishio hicho, tumia "nilikudanganya". Kitenzi hicho humchukua mtendwa moja kwa moja, na hufaa hata pale mume alipodanganya kwa kitendo bila kutamka neno.