Mpangaji haonekani Kisauni, Mombasa, kufuli lake liko mlangoni

Mwana wa Barsheba
Assalam aleikum wakubwa. Chumba na sebule, kodi 7,000 kwa mwezi. Mpangaji haonekani wiki ya saba sasa, simu imezimwa. Deni ni miezi miwili, dipoziti ya mwezi mmoja. Dirishani naona kitanda na televisheni. Nivunje kufuli?

Bi Kizingo
Waaleikum salaam mwanangu. Usivunje. Maadamu vitu vyake vimo na hajarudisha ufunguo, nyumba bado iko mkononi mwake, hata akidaiwa. Huenda kalazwa, yuko rumande, au yuko melini. Akirudi akute kumelala mwengine, atakushitaki kwa kumtoa bila amri ya korti, na huna orodha ya kuonyesha vitu gani vilikuwemo.

Mtafute kwanza: jamaa aliyemwandika kwenye mkataba, kazini kwake, majirani, chifu. Piga ripoti polisi kwamba haonekani, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Soma mita yake leo, usome tena baada ya wiki mbili. Stima isiyosogea yaonyesha hakuna anayelala humo. Kwamba amehama, bado.

Karani wa Tononoka
Kodi yako imepita shilingi 2,500 kwa mwezi, kikomo cha baraza la kodi za nyumba, kwa hivyo si kesi yao. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 yataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi. Mkataba ukisema zaidi, fuata mkataba. Ifanye ikome pamoja na mwezi wa kodi. Andika deni na tarehe ya mwisho, ibandike mlangoni mbele ya mzee wa mtaa na shahidi mwengine, piga picha, kisha itume kwa simu yake na kwa anwani ya mkataba.

Wengi huteleza hapa: notisi ikiisha wanabeba nyundo. Notisi hukupeleka kortini kuomba urudishiwe nyumba, haikufungulii mlango. Na televisheni usiiguse. Kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni.

Mwana wa Barsheba
Na akinijibu kwamba amehama?

Bi Kizingo
Alhamdulillahi, hiyo ndiyo njia fupi. Aandike wazi: amerudisha nyumba tangu tarehe gani, nani atachukua vitu, dipoziti ikatwe deni. Mchukuaji alete kitambulisho, atie sahihi kila kitu kinachotoka. Kabla ya hapo usipokee hata shilingi ya mpangaji mpya.