Kupandikiza uvimbe wa umio: panya nude, NOD/SCID au NSG?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, tunataka kupandikiza vipande vya saratani ya umio vya wagonjwa chini ya ngozi ya panya. Aina zote tatu zina kinga dhaifu, ili mwili wa panya usikikatae kipande cha binadamu, ila bajeti inaruhusu aina moja. Ipi hushika vizuri?

Kisu_Kidogo: NSG. Nude hana thaimasi (tezi inakokomaa seli T), hivyo hana seli T, lakini seli nyingine za kinga, B na NK, anazo, na hizo NK, ambazo huua seli ngeni, hukisumbua kipande. NOD/SCID hana T wala B, NK zake dhaifu. NSG hana zote tatu. Sifa ya nude ni kwamba hana manyoya, kwa hiyo uvimbe unaonekana na kupimika kirahisi.

Bi_Slaidi: Mkuu, umeanza na panya, mimi naanza na mgonjwa. Akishapata kemo na mionzi kabla ya upasuaji, mara nyingi kipande kinachokuja ni kovu na seli zilizokufa. Hapo hata NSG hasaidii kitu. Biopsi ya endoskopi ya kabla ya tiba ni ndogo, kama punje, ila seli zake ziko hai. Kwa uvimbe wa upasuaji, kateni pembeni. Katikati mara nyingi pameshaoza. Na mtu aangalie slaidi ya kipande kwa hadubini KABLA panya hajaguswa.

Kisu_Kidogo: Hapo sibishi.

Barafu: Muda nao. Kipande kikae kwenye midia (kimiminika cha kutunzia seli) baridi, kipandikizwe ndani ya saa chache. Umio si mahali safi, kioshwe kwa antibaiotiki na dawa ya fangasi. Matrigel, jeli ya protini inayopandikizwa pamoja na kipande, husaidia, hasa kwa biopsi, lakini bechi hutofautiana; linganisheni panya waliopata bechi moja.

Zamu_ya_Usiku: Na chini ya utando wa figo?

Barafu: Damu ni nyingi pale, vipande vidogo hushika vizuri. Ila ni upasuaji kamili, na kalipa, kifaa cha kupimia uvimbe kwa nje, haifiki. Kama hamna mashine ya picha, bakini chini ya ngozi.

Bi_Slaidi: Kabla hamjaagiza NSG: limfosaiti (seli nyeupe za damu) za mgonjwa zenye virusi vya Epstein-Barr huweza kugeuka limfoma ndani yake. Uvimbe unakua mbio, maabara nzima inashangilia, kumbe saratani ya umio haimo. Pimeni CD45 (alama ya seli nyeupe za damu) na keratini (alama ya seli za saratani ya umio) tangu kizazi cha kwanza, yaani uvimbe wa panya wa kwanza.

Zamu_ya_Usiku: Hilo la limfoma halikuwemo kabisa kwenye mpango wetu. NSG basi, na biopsi za kabla ya tiba. Kesho naenda kuongea na watu wa endoskopi.