Naomba ushauri: alama zinazofifia katika kukadiria idadi ya panya wa msituni

Ndugu wanakikundi, habari za kazi. Ninakadiria idadi ya panya wa porini katika kipande cha msitu karibu na Tukuyu kwa njia ya kukamata, kutia alama, kuachia na kukamata tena. Awamu ya kwanza nilinasa 48, nikawanyoa manyoya kidogo ubavuni. Wiki tatu baadaye nikanasa 40, na kati yao 6 walikuwa na alama iliyo wazi, hivyo 48 mara 40, gawanya kwa 6, ikanipa 320. Kinachonikwamisha ni wengine wawili waliokuwa na manyoya mafupi, laini, kama yaliyoanza kuota upya (na kwa mvua za huku walikuwa wamelowa chepechepe), kwani nikiwahesabu kuwa wana alama, makadirio yanashuka hadi 240. Nimejaribu kanuni ya Chapman, inayofaa sampuli ndogo, nikapata 286 kwa wale sita, lakini shaka iko palepale.

Je, wawili hao niwahesabu, niwaache, au nitoe makadirio yote mawili? Na nikirudia zoezi, niache siku ngapi ili panya wachanganyike kabla alama hazijapotea?