Mrejesho: Binti yangu aliyekuwa akikataa kula kwa kuitwa kibonge

Hamjambo wapendwa. Mimi ndiye mama wa Kisauni niliyewauliza hapa nifanyeje na binti yangu wa miaka 14, aliyeacha chai ya asubuhi tangu binamu zake wamwite kibonge. Ahsanteni sana.

Nilianza na mdomo wangu, kama mlivyonishauri. Kumbe kila nikivaa dera nilikuwa nalalamikia tumbo langu mbele yake! Nimeacha. Mizani nimempa jirani. Jumamosi twaenda soko la Kongowea pamoja, yeye ndiye achaguaye samaki na mchicha, na akipika mwenyewe hula bila kushurutishwa. Mahamri kwa mbaazi yamerudi mezani. Aliyesema nisiite chakula chochote "kibaya" alinisaidia mno. Muuguzi naye alimweleza kwamba msichana akivunja ungo, nyonga hupanuka na uzito huongezeka, ndio ukuaji.

Lililonishinda ni simu. Nilimpokonya, tukanuniana wiki nzima, nikamrudishia. Bado anajilinganisha na picha zilizorembeshwa. Na shangazi yake hakomi utani. Nimemwambia akija kwangu amsifu mtoto kwa jambo jingine au anyamaze.

Chakula cha mchana shuleni bado hakimalizi.