Naomba ushauri: kufunga kijiko cha mbele na tela la kumwaga kwenye Kubota L2201DT ya zamani

Mkulima wa Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Nina trekta Kubota L2201DT, mtumba wa Japani, nguvu farasi 22, nalimia majaruba ya mpunga. Nyuma ina mikono ya kuinulia jembe tu, haina koki hata moja ya kutoa mafuta nje. Nataka nifunge kijiko cha mbele cha kupakia mchanga na samadi, na baadaye tela la kumwaga. Fundi amesema atakata paipu la chuma linalotoka kwenye pampu, ataingiza valvu katikati, basi. Swali langu ni moja: mipira ya haidroli ninunue ya inchi 1/2 au 3/4? Naomba majibu ya haraka maana wachomeleaji wananisubiri. Natanguliza shukrani.

Geji ya Presha
Mkuu, 3/4 ni ya mitambo mikubwa. Kwa pampu ndogo kama hiyo, njia ya presha 3/8 inatosha, ila chukua mpira wenye nyavu mbili za waya. Wa 3/8 wa wavu mmoja hubeba bar 180 (bar ni kipimo cha presha), wa nyavu mbili bar 330. Njia ya kurudi ndiyo ifanye nene, 1/2 au zaidi, na irudi moja kwa moja kwenye giaboksi chini ya usawa wa mafuta. Ikimwagikia juu inatengeneza povu.

Kabla ya mipira kuna maswali mawili. Valvu ni ya aina gani? Na mafuta yakishapata moto, mikono ya nyuma inainua vipi?

Mwana wa Massey
Usisumbuke ndugu. Fungua plagi ya pembeni, weka kiunganishi, vuta lever mpaka mwisho, presha inatoka. Massey zote hufungwa hivyo, 35 na 135, na tela zinabeba mawe mpaka leo.

Geji ya Presha
Mwana wa Massey, hiyo ni habari ya Massey. Pampu ya 135 ni ya pistoni nne, imezama ndani ya mafuta nyuma, na inaongozwa upande wa kunyonya: lever ikikaa katikati, mlango wa kunyonya unafungwa na pampu haisukumi kitu. Kubota hii ina pampu ya gia inayozungushwa na injini, inasukuma mafuta muda wote injini ikiwaka. Hayo mafuta lazima yapate njia ya kupita kila sekunde. Ukiyazibia, kitu kitapasuka.

Mkulima wa Bondeni
Valvu nimeshanunua. Ni ya vijiti vitatu, imetoka kwenye mtambo uliokatwa skrepa, nzito na imara sana. Mikono inainua vizuri tu.

Jembe la Mwea
Boss, weka picha ya hiyo valvu. Kama imetoka kwa mtambo mkubwa wa kisasa, kuna uwezekano mkubwa katikati imefungwa, yaani vijiti vikiwa katikati haipitishi mafuta. Ipime hivi: vijiti vyote viache katikati, puliza hewa kwa tundu la P, la kuingilia mafuta. Hewa ikitokea kwa T, tundu la kurudishia, au kwa tundu la kupeleka mafuta mbele kwa kifaa kingine, katikati iko wazi na inaweza kufaa. Ikigoma, rudisha.

Mama Ng'ombe Watano
Mimi nauliza kwanza, kijiko cha nini? Mchanga mbichi mita moja ya ujazo ni karibu tani 1.9. Kijiko cha lita 200 kikijaa ni kama kilo 380, na uzito wote unaning'inia mbele ya ekseli ya trekta ndogo. Samadi ni nyepesi, sawa. Mchanga vijana wa koleo wanne wanapakia tela bila kupasua chuma cha mtu. Tunapenda mashine ifanye kila kitu, halafu msimu wa kulima imelala gereji.

Mkulima wa Bondeni
Mama, nimekuelewa, lakini hela ya vyuma nimeshatoa. Fremu ya kijiko inachomelewa tangu jana na jeki nimenunua, mbili, kipenyo cha ndani milimita 80. Siwezi kurudi nyuma. Valvu nimepuliza: hewa haipiti. Fundi anasema si tatizo, itapita presha ikipanda.

Geji ya Presha
Haitapita. Sikiliza kwa makini, hapa ndipo pampu zinapokufa.

Mafuta ya Kubota yanazunguka pampu, valvu ya mikono, giaboksi, yanarudi. Valvu ya kuachia presha, ile inayolinda pampu, mara nyingi imekaa huko mbele kwenye kifaa cha kuinua. Ukikata paipu na kuingiza valvu iliyofungwa katikati, umeitenga pampu na ulinzi wake. Ukipiga starta, sekunde ya kwanza presha inapanda bila kikomo: unapasuka mpira, au sili ya shafti ya pampu, au nyumba ya pampu yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu.

Unachotaka ni valvu iliyo wazi katikati, vijiti viwili, yenye valvu yake ya kuachia presha upande wa kuingilia, na yenye bushi ya kupeleka mafuta mbele. Matundu ni matatu, usiyachanganye:

P inapokea kutoka pampu.
Tundu la kupeleka mbele linakwenda kwenye mikono ya nyuma, na linabeba presha kamili.
T inarudi giaboksi peke yake, bila presha.

Kosa la mafundi wengi ni kuchukua T na kuiunga kwenye mikono ya nyuma. Siku ya kwanza inafanya kazi. Siku unayoinua jembe zito, presha yote inasimama ndani ya upande wa T ambao haukutengenezwa kwa hiyo kazi, oringi (mipira ya duara ya kuzibia) zinatoka na wakati mwingine mwili wa valvu unapata ufa.

Valvu mpya iseti sawa na ya trekta au chini kidogo. Bila kitabu cha trekta yako, pima kwa geji usikisie.

Na jeki za 80 ni kubwa mno. Milimita 80 ni sentimita za mraba 50. Safari ya sentimita 50 inakula lita 2.5 kila moja, lita 5 kwa zote mbili. Pampu ikitoa lita 15 kwa dakika, unangoja sekunde 20 kijiko kipande. Tena kwa bar 130 kila jeki inasukuma zaidi ya tani 6: fremu itajikunja kabla mzigo haujanyanyuka. Jeki ya milimita 50 kwa presha hiyo hiyo inasukuma kama tani 2.6, inatosha na inabaki, na ujazo ni lita 1 kila moja.

Bado hujajibu vizuri swali la mafuta ya moto.

Mkulima wa Bondeni
Asubuhi inainua bila shida. Ikishafanya kazi kama saa moja na nusu inakuwa nzito, jembe linapanda polepole, mpaka niongeze resi. Mafuta yamekuwa meupe kidogo kama chai ya maziwa, nimeongeza lita 4 mwezi uliopita. Lakini hilo ni la mikono ya nyuma, mimi nauliza kuhusu kijiko. Na trekta yenyewe inavuta magurudumu ya nyuma tu, si mzigo kwa injini.

Mzee wa Gerezani
Hapa nasimama. Umeanza kwa kusema L2201DT. Kwa Kubota, DT ni magurudumu manne yanavuta. Sasa unasema inavuta nyuma tu. Mara mikono inainua vizuri, mara inakuwa nzito. Mara siku ya pili ya uzi, jeki zipo, fremu ipo. Kuna watu wanatunga visa hapa ili wiki ijayo waje kuuza vifaa vya kufunga. Weka picha ya kibao na ya chini ya trekta, la sivyo tusiendelee kupoteza mafuta ya taa.

Mwana wa Massey
Na mimi nilishangaa hilo la DT.

Jembe la Mwea
Wazee, pengine mtu amenunua trekta iliyofumuliwa. Zinakuja nyingi. Lakini picha ni muhimu.

Mkulima wa Bondeni
Sina cha kuuza. Picha nimeweka hapo chini: kibao kinasoma L2201DT. Ya pili ni chini ya tumbo. Nimeinunua hivyo, shafti ya mbele ilishavuliwa na aliyekuwa nayo. Pale shafti ilipokuwa inatoka wameziba kwa kipande cha bati na silikoni. Sikusema kwa sababu sikuona linahusiana na kijiko.

Mzee wa Gerezani
Nimeona picha. Naondoa shaka yangu, ndugu. Lakini umeona hiyo bati? Silikoni imeachia upande wa chini, na kuna matope makavu mpaka kwenye mdomo wa tundu.

Geji ya Presha
Asante Mzee, umeipata. Trekta inalima majaruba ya mpunga, matope yanafika tumboni, na tundu liko wazi. Maji yanaingia pale. Giaboksi na haidroli zinatumia mafuta mamoja kwenye trekta hizi, kwa hiyo pampu inanyonya maji na mchanga mwembamba. Ndiyo sababu mafuta ni meupe.

Mkulima, wasimamishe wachomeleaji. Mpangilio ni huu.

Ziba tundu kwanza, kwa sili mpya na kifuniko cha chuma chenye gasketi na boliti. Silikoni peke yake haikai kwenye matope. Angalia pia mipira ya chini ya lever za gia, mvua huingilia hapo.

Mwaga mafuta yakiwa moto, acha yachuruzike usiku kucha. Fungua chujio la kunyonyea la pampu. Kama ni la waya lisafishe kwa dizeli na brashi, likiwa la karatasi weka jipya. Angalia oringi ya kiunganishi chake, kwa sababu ikivuja haimwagi mafuta nje, inavuta hewa ndani na pampu inalia. Jaza mafuta ya trekta yale ya giaboksi na haidroli kwa pamoja. Mafuta ya gia ya 90 usiweke, ni mazito na pampu itakosa kunyonya asubuhi. Inua na kushusha mikono bila mzigo nusu saa, mwaga tena, jaza mapya mpaka alama ya kijiti. Mzunguko wa kwanza unabeba maji yaliyobaki kwenye pembe.

Halafu pima. Geji ya bar 250, kiunganishi cha T kwenye paipu la pampu. Mikono ikifika juu, fimbo ya kurudisha inairudisha valvu katikati yenyewe na presha inashuka, kwa hiyo ama fungulia fimbo hiyo, ama funga mikono kwa mnyororo kwenye kitu kisichonyanyuka, ukae mbali. Soma ikiwa baridi, soma tena baada ya saa moja ya kazi. Ikishuka kidogo ni kawaida. Ikishuka kwa theluthi, kuna kitu kinavuja ndani.

Kujua ni pampu au ni kifaa cha kuinua: inua jembe, zima injini, lever iache ilipo. Jembe likishuka kwa dakika chache, oringi ya pistoni ya kuinulia au valvu yake inavuja. Likikaa, angalia upande wa pampu.

Mkulima wa Bondeni
Nikizima linakaa, hata mpaka asubuhi linashuka kidogo tu.

Geji ya Presha
Basi kwanza chujio na hewa, kisha pampu. Usinunue pampu kabla ya kusafisha chujio.

Jembe la Mwea
Ongezeo la nyuzi: trekta za Japani zina nyuzi za aina ya Kiingereza. 3/8 yake ni nyuzi 19 kwa inchi, ya Kimarekani ni 18. Inaingia mizunguko miwili halafu inagoma, fundi anaikaza kwa bomba, mwili wa pampu unapasuka. Beba kipande cha zamani dukani ukilinganishe kwa mkono. Kwa 1/2 zote ni nyuzi 14, zinaingia lakini pembe ya nyuzi si moja, zinavuja.

Na ukitafuta uvujaji tumia kipande cha boksi, kamwe usipapase kwa mkono. Mafuta yenye presha yanapenya ngozi kama sindano, na hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Mama Ng'ombe Watano
Na tela je? Mbona limesahaulika?

Geji ya Presha
Tela Mama lina njia yake bora. Jeki ya tela inayorefuka kwa vipande inachukua mafuta yote kutoka kwenye trekta, tofauti na jeki ya kijiko inayorudisha upande wa pili. Lita 6 au 7 zikitoka giaboksi, kwenye mteremko pampu inanyonya hewa. Tena maji na uchafu wa tela la watu unaingia giaboksi. Funga pampu ya peke yake kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha vifaa, na tangi lake la lita 40 kwenye tela. Pampu ya sentimita za ujazo 40 kwa mzunguko, kwa mizunguko 540, inatoa lita 21 kwa dakika. Ubaya wake: klachi ikiwa ya hatua moja, ukiikanyaga pampu nayo inasimama.

Mkulima wa Bondeni
Nimeelewa. Valvu narudisha, jeki za 80 nitazibadilisha. Kijiko siachi. Fremu inashikwa na boliti kwenye ekseli ya mbele.

Mzee wa Gerezani
Hapana. Ikishikwa mbele peke yake, mshtuko wa kila shimo unalopita njiani unakwenda kwenye chuma cha kumimina kinachobeba ekseli, na hicho hakichomelewi kikakaa. Mbavu za fremu zipite chini ya trekta mpaka nyumba ya ekseli ya nyuma, zifungwe kwa boliti za daraja 8.8 kwenye matundu yaliyopo, usitoboe mapya. Katikati, kwenye nyumba ya klachi, ziguse tu kwa bano bila kubeba mzigo. Nyuma funga uzito kwenye mikono unapopakia. Na kabla ya yote inua pua ya trekta kwa jeki, shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Pini ya katikati ya ekseli ikicheza, badili bushi kwanza.

Mkulima wa Bondeni
Nimeitikisa. Inacheza.

Mzee wa Gerezani
Kiasi gani? Weka kidole kwenye ungio wakati mwingine anatikisa. Ukisikia mgongano, ing'oe pini, pima kipenyo sehemu tatu kwa kalipa, utuandikie hapa pamoja na kipenyo cha ndani cha bushi.